Deni la dereva mlevi si adhabu ya pili

Dereva aliyelewa akigonga nguzo ya umeme usiku wa manane, kazi kubwa huanza baada ya kishindo. Zimamoto huja na mashine za kukatia mlango wamtoe. Polisi hufunga barabara. Mtu mwingine humwaga unga wa kunyonya mafuta ya gari, husubiri, kisha huufagia. Muda wote huo gari lile la zimamoto haliwezi kuitikia mwito mwingine.

Huko California, sheria inaruhusu taasisi ya umma iliyofika hapo imdai dereva gharama hizo, zisizidi dola 12,000 kwa tukio moja. Wanaoipinga wanasema mlevi tayari ana faini, kunyang'anywa leseni, pengine na jela. Kwa nini aongezewe ankara? Tena huduma hizi zimeshalipiwa kwa kodi, na yeye ni mlipa kodi pia.

Hoja ya kodi ina mizizi. Mwaka 1983, katika shauri la jiji la Flagstaff, Arizona, dhidi ya kampuni ya reli ambayo mabehewa yake ya gesi yaliacha njia, mahakama ya rufani ya shirikisho ilikataa kulirudishia jiji gharama za dharura. Jaji Anthony Kennedy aliandika kwamba gharama za namna hiyo hubebwa na umma. Ila hukumu hiyohiyo iliwaachia watunga sheria nafasi ya kuamua vingine, na ndivyo California ilivyofanya.

Na imefanya kwa kiasi. Kusimamishwa njiani ukiwa umelewa hakutoshi kukutia katika deni hili. Lazima uendeshaji wako wa kizembe uwe umesababisha tukio lililowaita waokoaji. Kinachodaiwa ni gharama zilizotokana moja kwa moja na tukio hilo, mishahara ya waliofika ikiwemo. Deni hudaiwa kama deni la mkataba, yaani kama mtu anavyodai fedha zake, si kama adhabu ya kosa. Faini ni jambo jingine kabisa: hupimwa kwa uzito wa kosa, hata kama hakuna aliyetoka kituoni kuja kukuokoa.

Kifungu ninachokithamini kuliko vyote ni kile kinachokataza bima kulilipa deni hili. Bila katazo hilo, ankara ingepita kwa mlevi kama karatasi tu na kuishia kwa kampuni ya bima, na kampuni ingeigawa kwa wateja wake wote, wakiwemo wasioonja pombe. Tungekuwa tumeuondoa mzigo kwenye kodi na kuurudisha kwenye ada za bima, juu ya mabega yaleyale. Marekani nzima, mwaka 2022, watu 13,524 walikufa katika ajali zilizohusisha dereva mlevi, na hapo hawajahesabiwa waliotolewa wakiwa hai. Kila gari lililopondwa liliwatoa waokoaji kituoni kwao, na mtu fulani alilipia.

Hofu kwamba mlevi atakimbia kukwepa ankara hainishawishi. Anayekimbia anakimbia pingu. Hofu ya umaskini, hiyo nakubaliana nayo. Dola 12,000 kwa kibarua ni miaka ya kulipa, na mwenye mali hazimkoseshi usingizi. Kwa hiyo taasisi inayodai ingepaswa kupokea malipo kwa awamu kulingana na kipato, na kuonyesha kwenye ankara nani alifika, kwa saa ngapi, akafanya nini. Hata akilipa dola hamsini kwa mwezi, zinatoka mfukoni mwake.