Sifongo ya Karibiani na Wodi ya Kisumu

Mtu wa Kisumu, aliye zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa, ana haki ya kuuliza sifongo, kiumbe wa baharini, iliyojifukia mchangani huko Karibiani inamhusu nini. Swali hilo huzuka zinapotajwa fedha za kulinda miamba ya bahari, na lina uzito. Sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyotokana na sifongo hiyo, Tectitethya crypta, siku hizi huundwa viwandani. Hakuna anayepiga mbizi kuitafuta. Mzazi aliyelaza mtoto wodini anahangaikia bei ya dawa.

Lakini hoja hiyo huanzia mwisho wa safari. Werner Bergmann, aliyeianzisha safari hiyo, hakuwa akitafuta dawa hata kidogo. Alikuwa mkemia aliyechunguza mafuta ya viumbe wa baharini. Sifongo hiyo, iliyotolewa Florida, ilipochemshwa katika asetoni (kiyeyushi), zikajitokeza fuwele asizozitarajia. Mwaka 1951 yeye na mwenzake wakaeleza: ni vitu vinavyofanana na vijenzi vya DNA. Baadaye ikabainika kwamba sukari yake ni arabinosi. Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Ukiilinganisha na ribosi, sukari ya kawaida ndani ya seli, kilichobadilika ni kikundi kimoja cha atomi kugeukia upande wa pili. Basi! Wanakemia wakafuata mfano huo wakaunda sitarabini, iliyoidhinishwa Marekani 1969. Seli ya saratani, kwa pupa yake ya kugawanyika, huipokea kama kijenzi cha kawaida, huipachika kwenye nakala ya DNA, na kunakili kukakwama. Sifongo haikimbii adui, haina meno. Inaishi kwa kemia yake, na kemia hiyo ndiyo iliyotufunza.

Wapo wanaotia chumvi kwamba hata AZT, iliyotumiwa sana kukabili virusi vya Ukimwi huku kwetu kando ya ziwa, ilitoka kwenye sifongo. Siwaungi mkono. Jerome Horwitz aliiunda maabarani 1964 akitafuta tiba ya saratani, na badiliko alilolitia halikuwa la sifongo.

Hatuhitaji kuikopa sifa hiyo. Eribulini, dawa ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa Marekani 2010, ilifuata mfano wa kemikali ya sifongo nyingine, Halichondria okadai ya Japani. Nayo huundwa viwandani, lakini ramani yake ilitoka mwambani. Bei ya dawa Kisumu ishughulikiwe leo. Sioni kwa nini hilo lidai sifongo za Watamu na Kisite, pwani ya Kenya, ziachwe zisagwe na nanga na nyavu za kukokota.