Nishani za Maximilian: Nani Alikuwa na Haki ya Kutoa Shukrani kwa Jina la Meksiko?

Nishani za Mfalme Maximilian wa Meksiko zikitajwa, hukumu huja haraka: alitawala miaka mitatu tu, akagawa misalaba na tepe, na alipoanguka zikaanguka naye, kwa hiyo hazina maana. Mimi nakubali kwamba zilikuwa na kasoro kubwa. Lakini ufupi wa utawala sio kasoro yenyewe, na tukiishia hapo tunalipita jambo lenye uzito zaidi.

Mwaka 1861 Rais Benito Juárez alisimamisha ulipaji wa madeni ya nje. Ufaransa ya Napoleon III ikaleta majeshi, na wahafidhina wa Meksiko, ambao Juárez alikuwa amewashinda vitani, wakaona hapo ndipo pa kupatia mfalme. Walimfuata Maximilian, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria, katika kasri lake la Miramare karibu na Trieste, naye akalipokea taji tarehe 10 Aprili 1864. Tarehe 19 Juni 1867 jeshi la jamhuri ya Juárez lilimpiga risasi mjini Querétaro, pamoja na majenerali wake Miramón na Mejía. Kati ya tarehe hizo mbili alikuwa na nishani tatu za daraja: ya Guadalupe, aliyoikuta, ya Tai wa Meksiko, aliyoianzisha Januari 1865, na ya San Carlos, ya wanawake peke yao, iliyofuata Aprili mwaka huohuo.

Nishani ya namna hii si kipande cha madini cha kubandika kifuani tu. Anayepewa huingia katika safu ya watu wenye madaraja, mtawala akiwa mkuu wao, na huhesabiwa kuwa amejifunga naye. Ndiyo maana haitoshi kuuliza ilitengenezwa kwa dhahabu gani.

Wanaomtetea Maximilian wana hoja, na si haki kuipuuza. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mtawala mgeni alihitaji ishara ambayo wenyeji wangeitambua kuwa yao. Guadalupe ilikuwa yao kweli. Bikira wa Guadalupe, ambaye kwa mapokeo ya Wakatoliki wa huko alimtokea Juan Diego mwaka 1531, ndiye aliyekuwa kwenye bendera ya padri Hidalgo alipoanzisha vita vya uhuru mwaka 1810. Agustín de Iturbide, mfalme wa kwanza baada ya uhuru, akaanzisha nishani ya jina hilo mwaka 1822. Maximilian hakuitupa ili alete msalaba wa kwao Austria.

San Carlos nayo inastahili kutazamwa kwa makini. Neno lake lilikuwa Humilitas, yaani unyenyekevu, na ilikusudiwa wanawake wenye kazi za huruma na hisani. Najua heshima za jumba la kifalme huanza na mabibi wa jumba hilo. Hata hivyo, dola kuiita kazi ya kuhudumia wengine kuwa utumishi wa taifa, katika karne ambayo nishani nyingi zilikuwa za askari na mabalozi, lilikuwa wazo jema. Na mtu huyu hakuwa wa mapambo peke yake. Novemba 1865 alitoa sheria ya kuweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku kwa vibarua wa mashambani.

Upande wa pili una mambo mazito zaidi, na unaanzia kwa Iturbide. Kati ya waliopewa Msalaba Mkuu wa Guadalupe, yaani daraja lake la juu, mwaka 1822 walikuwamo Vicente Guerrero na Nicolás Bravo, mashujaa wa vita vya uhuru. Januari 1823 wote wawili walitoroka mji mkuu wakaenda kumwasi aliyewavika. Machi ya mwaka huohuo Iturbide akajiuzulu. Jenerali Santa Anna, aliyetawala Meksiko kwa mabavu, aliifufua Guadalupe mwaka 1853, naye akaondolewa madarakani mwaka 1855. Wa tatu akawa Maximilian. Mara zote tatu nishani ilitangulia uaminifu badala ya kuufuata, kama mtu anayelipa mahari kwa binti ambaye hajakubali kuolewa.

Halafu kuna damu. Tarehe 3 Oktoba 1865, mwaka uleule wa Tai na San Carlos, Maximilian alitia sahihi amri ya kuwaua wapiganaji wa jamhuri watakaokamatwa na silaha. Majenerali wa jamhuri Arteaga na Salazar walipigwa risasi mjini Uruapan mwezi huohuo. Maafisa wa Ufaransa waliowapiga vita Wameksiko kwenye ardhi yao walirudi kwao na msalaba wa Guadalupe kifuani. Bendera ya Hidalgo ikawa zawadi ya jeshi la uvamizi. Hapa mimi sioni utetezi.

Jamhuri yenyewe ilikuwa imeshatoa jibu kabla Maximilian hajafika. Kifungu cha 12 cha Katiba ya 1857 kilikataa vyeo vya ukabaila na heshima za kurithi, lakini hakikukataa shukrani. Kilisema ni wananchi tu, kupitia wawakilishi wao halali, wanaoweza kuamuru tuzo kwa waliotenda makubwa kwa nchi au kwa wanadamu. Swali basi ni nani anayezungumza kwa jina la nchi, wala si amezungumza kwa miaka mingapi.

Msomaji wa Kongo atalielewa hili bila maelezo marefu. Mke wa Maximilian, Carlota, alikuwa dada wa Leopold II wa Ubelgiji. Kaka huyo alianzisha Nishani ya Nyota ya Afrika mwaka 1888 kwa ajili ya waliomtumikia katika Dola Huru la Kongo, na kauli yake ilikuwa Kazi na Maendeleo. Dola hilo lilikwisha mwaka 1908, ila nishani ikachukuliwa na Ubelgiji ikaendelea. Ilidumu kuliko Tai wa Maximilian kwa miongo mingi. Nani atasema kudumu huko kuliifanya iwe ya heshima zaidi kwa Wakongo waliokatwa mikono chini ya Leopold?

Ndiyo maana siwezi kumdharau mwanamke aliyeuguza wagonjwa akavikwa San Carlos. Alichofanya ni chake, na hakikufutika Querétaro. Aliyekosa haki ni mtoaji. Meksiko yenyewe haikuona haya kuyatenganisha mambo hayo mawili. Mwaka 1933 jamhuri ilianzisha Nishani ya Tai wa Kiazteki kwa ajili ya wageni walioitendea nchi mema. Tai wa Maximilian alikuwa na taji la kifalme juu yake. Huyu wa 1933 hana.