Njano ya Madirisha ya Chekechea

Wiki iliyopita nilimpeleka binti yangu chekechea, nikamkuta fundi rangi juu ya ngazi akisugua grili za madirisha kwa msasa mkavu, huku vumbi la njano likishuka taratibu juu ya mkeka ambao watoto huulalia mchana. Nilipomwomba asimame kwanza, kwa kuwa rangi ya mafuta ya zamani kama ile huenda ina risasi, aliangua kicheko na kuniuliza, "Risasi ya bunduki, mama?" Sikumlaumu, kwani hakuna aliyewahi kumweleza kwamba risasi ni pia metali yenye sumu inayotiwa kwenye rangi, na pua iliyokuwa karibu zaidi na vumbi lile ilikuwa yake.

Ninaowalaumu ni wale wanaojua, nao wamejua kwa muda mrefu mno. Mwaka 1904 daktari wa macho wa Brisbane, Australia, J. Lockhart Gibson, alieleza kwamba watoto waliokuwa wakipooza na kufifia macho walikuwa wakipewa sumu na rangi ya baraza za nyumba zao wenyewe, rangi ambayo jua kali liliigeuza unga, ukanata kwenye vidole, na vidole vikaingia kinywani. Jua lile halitofautiani sana na la Tanga, na baraza ni baraza. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo, ingawa liliacha mwanya kwa viwanda na stesheni za reli. Ilipofika 2002, viongozi walikutana Johannesburg wakakubaliana, kana kwamba ni habari mpya, kwamba risasi iondolewe kwenye rangi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na lile la mazingira la Umoja wa Mataifa wakaanzisha ushirika wa kusimamia jambo hilo, na lengo likawa kwamba kufikia 2020 kila nchi iwe na sheria. Mwaka 2020 ulikuja ukapita, na nchi nyingi hazikuwa nazo.

Tunaambiwa tuwe na subira kwa sababu viwanda vidogo vitaumia. Jamani, risasi haidondoki ndani ya kopo kwa bahati mbaya! Huwekwa kwa makusudi: kromati ya risasi ili njano na nyekundu ziwake, na viambato vingine ili rangi ikauke haraka. Mbadala upo, na nchi tajiri zimeutumia kwa miongo kadhaa. Tena angalia ni rangi zipi hasa: njano ya madirisha ya chekechea, nyekundu ya bembea, chungwa ya geti la shule, yaani zile zile tunazozichagua ili kuwafurahisha watoto, ambao miili yao hufyonza risasi mara nne hadi tano kuliko ya watu wazima, na ambao Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama kwao.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kuna hatua. Kufikia 2024 zaidi ya nchi 90 zilikuwa na sheria, na kipimo kinachopendekezwa, risasi isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi, ni kikali kweli. Nakiri pia kwamba kuondoa risasi kwenye petroli kulikuwa rahisi zaidi, maana petroli ilitoka katika viwanda vichache vya kusafisha mafuta, na hata hivyo Algeria, nchi ya mwisho, ilimaliza akiba yake ya petroli yenye risasi mwaka 2021 tu. Hata hivyo, sheria mpya haiigusi rangi iliyokwisha kupakwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikishuka juu ya mkeka.

Fundi alikubali kulowesha msasa, mkeka ukatolewa nje na kuoshwa, na mwalimu mkuu akanituma dukani kutafuta rangi isiyo na risasi. Muuzaji aliligeuza kopo, akasoma maandishi yote kwa makini pande zote mbili, kisha akanitajia bei.