Gari Langu Likioga Linanuka

Magari ya watu hunuka yasipooshwa. La kwangu linanuka likioshwa. Nimewaeleza watu wazima wenye akili zao jambo hili, na kila mmoja ameniangalia kama mtu aliyeanza kusalimiana na mbuzi.

Gari lenyewe ni Kikumi. Kwa asiyekulia Uganda, Kikumi ni Toyota Corolla AE100, na hiyo mia, ambayo kwa Kiganda ni kikumi, ndiyo iliyozaa jina. Langu lilitoka kiwandani Japani 1993. Pale shuleni kuna walimu wenzangu waliozaliwa baada yake, na kila asubuhi wananipita kwenye foleni ya Kawempe wakiwa juu ya boda boda, wananipungia mkono kwa heshima zote.

Naishi Bombo, nafundisha Kiswahili Kampala. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 70. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima mashuleni. Mshahara wangu bado haujapata habari hiyo. Kwa hiyo gari likinywa, najua.

Na lilianza kunywa mwaka jana. Zamani Kikumi lilikuwa linanipa kilomita 13 kwa lita bila kuguna. Sasa nikitia mafuta Matugga, nikifika Bwaise mshale umeshainama kama mtu anayetafuta sarafu chini. Petroli ni ghali, na hapo nashukuru, maana siisahau Januari 2022, madereva wa malori walipogoma mpakani Malaba na Busia kwa ajili ya vipimo vya korona, tukawa tunaitafuta petroli kwa minong'ono kama watu wanaonunua pembe za ndovu.

Usiniambie habari za Hoima. Mafuta yaligunduliwa kule 2006, bomba la kuyapeleka Tanga lina urefu wa kilomita 1,443, na nimesoma kwamba itabidi lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta yetu yana nta, yakipoa yanaganda. Sawa. Mimi nina bomba langu chini ya kiti cha nyuma, halifiki mita nne, na lilikuwa limeshaanza kusafirisha nje.

Harufu ndiyo iliyonitia aibu. Ijumaa moja nililiosha gari, nikatia mafuta tanki likajaa, nikavaa kanzu nyeupe niliyoinyoosha mwenyewe, nikaenda msikitini. Tukapanga safu. Mzee wa kulia kwangu akanusa, akanitazama, akasogea. Wa kushoto akasogea. Imamu anahimiza watu wasogeleane wasiache nafasi, na mimi peke yangu nina nafasi ya kutosha baiskeli. Baada ya sala kijana mmoja akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, siku hizi unauza petroli?"

Nyumbani Mama Zubeda hakuwa na adabu hizo. "Baba Zubeda, hiyo kanzu ining'inize nje. Na usipite karibu na sigiri."

Na nyumbani kwetu hatukuhitaji kesi nyingine, tayari tulikuwa na ya sabuni. Tangu mwishoni mwa mwaka juzi mke wangu anadai nusu mche wa sabuni ya bluu ulipotea jikoni, na kila kitu kikipotea, hata kijiko, kesi inafufuliwa. Mshtakiwa ni Salma, mtoto wa dada yangu anayekaa kwetu. Mimi mwenyewe niliwahi kumkalisha yule mtoto nikampa hotuba ya dakika 20 kuhusu uaminifu. Akalia. Tuendelee na gari.

Ukitaka kujua Uganda ina wataalamu wangapi, sema gari lako linakula mafuta. Shemeji yangu alisema ni mapepo ya kituoni: wale wa pampu wananipunja. Nikambeba yeye na jerikeni la lita 20 hadi kituoni, tukajaza, mita ikaandika 20 na jerikeni likafika pale pale linapofika siku zote. Shemeji akasema basi jerikeni nalo ni la kwao.

Dereva wa takisi, mtu wa miaka mingi barabarani, akaniambia siri: kwenye mteremko toa gia, weka frii, gari lishuke bure. Nimeshuka bure miezi miwili, mguu kwenye breki, moyo mdomoni. Baadaye nikaja kufundishwa kwamba injini ya sindano kama ya Kikumi, yaani ile inayolishwa petroli kwa amri ya kompyuta ya gari, ukiteremka nayo ndani ya gia bila kukanyaga mafuta, kompyuta inafunga petroli kabisa mpaka mzunguko ushuke. Ukiweka frii, lazima iendelee kulishwa isizimike. Nilikuwa natoa sadaka kila mteremko kati ya Bombo na Bwaise.

Mwalimu wa hesabu, ambaye hana gari, ndiye pekee aliyesema kitu cha maana. "Acha kutazama mshale. Jaza tanki mpaka bomba la pampu lijikate, andika kilomita. Tembea siku tatu nne. Rudi pampu ile ile, jaza tena mpaka ijikate, gawanya." Nikafanya. Kilomita 232, lita 29. Nane. Nikarudia hesabu kwenye simu, nikairudia kwa vidole, nane. Yule bwana akatikisa kichwa akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akarudi kusahihisha madaftari. Nilidhani anamsema shemeji.

Basi nikalipeleka kwa makanika wangu pale Bwaise. Ni mtu mtaratibu, mikono yake ni myeusi hata siku ya Idi, na kabla ya kufungua boneti anauliza maswali kama daktari wa zamani, yule aliyekuwa anakushika mkono kwanza.

"Harufu iko wapi, mwalimu? Ndani au nje?"

"Kote."

"Unapowasha asubuhi, au ukishalizima?"

"Muda wote. Ila likioshwa ndiyo zaidi."

Akanyamaza kidogo. "Tanki likijaa, au hata likiwa nusu?"

Hapo nikafikiri. Kweli, likiwa nusu hainuki. Shida ni kwamba mwalimu hajazi tanki ila mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ndipo pia anapoosha gari. Nilikuwa nimechanganya mambo mawili kama mwanafunzi wa senia wani.

Akaniita nyuma ya gari likiwa linanguruma, akanisimamisha karibu na eksozi. "Nusa." Nikanusa, macho yakachoma kama nimekata vitunguu. Halafu akanipeleka kwenye tairi la nyuma, akaniinamisha. "Nusa." Hii ilikuwa tamu, mbichi, ile ya kituoni. "Umeona? Ile ya eksozi imepita jikoni lakini haikuiva. Hii ya hapa haijafika jikoni kabisa. Una magonjwa mawili, ssebo."

Kijana wake alikuwa ameshainama kuchungulia chini, na mkononi ana kiberiti cha gesi apate mwanga. Sijawahi kumwona makanika wangu akikimbia, siku hiyo alikimbia. Alimpokonya kile kiberiti, akamtukana kwa Kiganda kwa namna ambayo sitaiandika hapa, akampa tochi ya simu.

Tukaanza na ugonjwa wa kwanza. Akafungua plagi, zile za kutoa cheche ndani ya injini. Zote nne zilikuwa nyeusi, zimeshika masizi makavu kama sufuria la kuni. Ukipitisha kidole, kidole kinaandika. Plagi ya injini yenye afya huwa na rangi ya biskuti, akasema, hizi zinalishwa kuliko zinavyoweza kula. Akatoa filta ya hewa, akaigonga chini, likatoka vumbi jekundu la kutosha kupanda muhindi mmoja. Upepo wa matairi ulikuwa chini pia. Lakini bado alikuwa hajaridhika.

Akaniomba kibanio cha karatasi. Nilikuwa nacho, kilikuwa kimeshika mitihani ya kidato cha pili. Kwenye Kikumi kuna kijisanduku chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Akaunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kile kibanio, akawasha swichi bila kupiga stata, tukakaa kutazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22: sensa, yaani kile kifaa cha kuhisi, ya joto la maji. Mbili halafu moja, ni sensa ya oksijeni. Mimi nimeshika kalamu tayari kuandika msiba wangu.

Taa ikapepesa moja kwa moja, bila kupumzika. Tap-tap-tap-tap.

"Hiyo ni namba gani?"

"Siyo namba. Inasema yenyewe haioni ugonjwa wowote."

Nilikasirika. Kilomita nane kwa lita, nusu ya msikiti imenikimbia, na gari linasema halijambo! Ni kama yale mashangazi, anaumwa mpaka haamki, ukimuuliza hali anakwambia "nzuri tu".

Makanika akasema twende tuzunguke. Tukatoka Bwaise kuelekea Kawempe. Kwenye foleni mshale wa joto ukapanda taratibu. Barabara ilipofunguka tukakimbia kidogo, mshale ukashuka ukalala kabisa. Akaugonga kioo chake kwa ukucha. "Mwalimu, hii injini haichemki. Tamostati haipo."

Tamostati, kwa mliosoma sanaa kama mimi, ni kijimlango kwenye njia ya maji. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yasiende kwenye rejeta. Yakifika kama digrii 82 kinaanza kufunguka. Ukikitoa, maji yanapita rejeta saa zote, injini inabaki vuguvugu kama chai ya msibani. Na kompyuta ikiona maji ya baridi inaongeza petroli, vile gari lolote hufanya alfajiri likiwashwa. Gari langu lilikuwa kwenye alfajiri isiyokwisha, Bombo mpaka Kampala, adhuhuri, jua la utosi.

"Kompyuta haikukudanganya," akasema. "Sensa inaiambia maji ni ya baridi, na kweli ni ya baridi."

"Sasa ni mshenzi gani aliyeitoa?"

"Mimi."

Nikaona aibu kwa niaba yake. "Na nani alikwambia uitoe?"

"Wewe." Alisema bila hasira. "Januari mwaka jana, uliporudi na gari limechemka. Tamostati ilikuwa imekwama. Nikakwambia tununue nyingine. Ukasema ni kifaa cha Wajapani cha kuzuia barafu, na Uganda hakuna barafu."

Nikatazama nje dirishani. Kulikuwa na mtu anauza mananasi, nikamtazama muda mrefu sana. Mpya ilikuwa kama bei ya kuku wawili wa kienyeji. Nikalipa bila kubishana, mpaka makanika akaniuliza kama naumwa.

Ukabaki ugonjwa wa pili. Wakakata nyaya za betri, wakapunguza mafuta kwenye tanki, yule kijana akaingia chini na tochi yake. Pembeni mwa tanki, juu kidogo ya nusu, pale ukanda wa chuma unapobana, kutu ilikuwa imetoboa kwenye maungio. Ndiyo maana likiwa nusu halinuki: petroli haifiki pale. "Lakini limezibwa," kijana akasema. "Kuna mtu alipachika kitu." Akakwangua kwa bisibisi, akatoka nacho kwenye kiganja.

Kipande cha sabuni. Bluu, kigumu kama jiwe, kimekuwa na rangi ya tope kwa nje. Sabuni huizuia petroli, makanika wote wanaijua hiyo dawa ya njiani. Inachoogopa ni maji. Kila nilipoosha gari, ile bomba ya maji ya nguvu ilikuwa inaiyeyusha kidogo, petroli inatoka, mpaka vumbi na tope la wiki nzima lizibe tena. Upande uliokuwa ndani ulikuwa bado safi, na juu yake kulikuwa na alama ya dole gumba, kubwa, yenye kovu la mshazari.

Nikatazama dole gumba langu.

Desemba ya mwaka juzi. Tunakwenda msibani Nakasongola, tumefika Luwero, nimenusa petroli. Nililala chini pembezoni mwa lami na kanzu yangu, nikapachika sabuni, nikasema nitatengeneza kesho. Na sabuni nilikuwa nayo kwa sababu asubuhi ile niliipitia jikoni bila kumwambia mtu, nusu mche, ya kuogea kule msibani.

Tanki la mtumba tulilipata Kisekka, soko la vipuri Kampala, halina kutu. Wiki iliyofuata nikapima tena kwa hesabu ya yule mwalimu: kilomita 12 kwa lita, na gari nimeliosha mara mbili, ndani linanuka viti tu. Lakini hayo yalikuja baadaye. Jioni ile nilifika nyumbani na kile kipande mfukoni, maana sikutaka kukiacha kwa makanika akawa anakionyesha watu.

Mama Zubeda alikuwa barazani na chai yake. "Gari si limepona?"

"Limepona kabisa."

"Mbona wewe unanuka petroli?"

Salma akatokea na beseni. "Shikamoo mjomba. Nipe hiyo suruali niiloweke, itaacha doa."

Nikamwambia aache, hiyo nitaifua mwenyewe.

Tumeoana miaka 22. Mama Zubeda aliweka kikombe chini, polepole, akanitazama mfukoni.