Farasi wa Garub wasiachwe

Kuna mwandishi aliyeandika kwamba farasi wa mwituni wanaoishi Garub, katika jangwa la Namib, si wanyama wa asili ya Namibia, hivyo waachiwe fisi wanaowala watoto wao. Sikubaliani naye hata kidogo. Hawakujileta wale! Inaaminika wengi ni kizazi cha farasi wa vita waliopotea karibu na mji mdogo wa Aus, kusini mwa Namibia, mwaka 1915, majeshi ya Afrika Kusini yalipopambana na Wajerumani. Wakaponea maji ya kisima cha Garub, kilichochimbwa kwa ajili ya treni za mvuke. Binadamu amewapanda, amewapeleka vitani, amewanywesha. Watoto wao wametafunwa na fisi mwaka baada ya mwaka, ndiyo tuseme hawatuhusu? Inaniuma. Fisi wahamishwe, na ukame ukizidi farasi wapelekewe majani makavu.