Mkonga wangu ulikuwa unatembea rivasi

Nianze na aibu yangu ili tuelewane. Mwaka jana nilimaliza bodi ya gari la rimoti, Land Cruiser 70, pikapu, plastiki ngumu, kipimo cha 1/10, yaani ndogo mara kumi kuliko gari la kweli, ile ambayo huku kwetu tunaiita mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo. Nilikesha nayo kama miezi miwili. Nikaipaka nyeupe, nikaipiga vumbi, nikaipiga picha, nikaitupia kwenye grupu, watu wakamwaga mioto. Afu nikampelekea mjomba wangu ambae ameendesha watalii huko kaskazini miaka ishirini na kitu, akaishika, akaigeuza, akakaa kimya weee, mwisho akaniuliza, "Mjomba, hii gari inatembea rivasi?"

Sikumuelewa. Akanionyesha kwa kidole, vumbi lote nimelijaza kwenye boneti na bampa la mbele, nyuma kweupe pee. Wakati gari ikikimbia barabara ya vumbi upepo unapita juu na pembeni, nyuma panabaki kama shimo la hewa, hewa inajizungusha palepale na kulivuta vumbi la matairi linaganda kwenye mlango wa nyuma, kwenye taa, kwenye namba. Mbele panachafuka ndio ila sio kwa kiwango kile, na uchafu wake ni mwingine, wadudu na vumbi la gari uliyokuwa unaifukuzia. Mtu yeyote aliyewahi kufuta namba ya nyuma kwa kiganja kabla hajafika kwa trafiki analijua hili. Hata mimi nilikuwa nalijua! Ila nilipokaa mezani na brashi nikasahau nilichokiona kwa macho yangu maisha yangu yote, nikawa naiga picha za intaneti.

Sasa hapo ndo ugomvi wangu ulipo. Wengi wetu tunaocheza na magari ya rimoti huku tunajenga gari la mtu wa Utah, kule Marekani. Vumbi rangi ya biskuti, matope ya chokoleti, keria imejazwa majerikani mekundu na shoka ambalo hakuna dereva wa huku anatembea nalo. Na kichekesho ni kwamba hii Land Cruiser 70, iliyotoka 1984 na mpaka leo inatengenezwa, Marekani haijawahi kuuzwa rasmi. Jamaa wa kule akitaka kuijenga inabidi aitafute kwenye picha. Sisi inapita nje ya dirisha, ipo mochwari, ipo polisi, ipo kwenye miradi, imebeba mbuzi, halafu tunamuiga yeye.

Basi, kwa anayeanza niseme kidogo kuhusu rangi yenyewe, maana vumbi zuri juu ya rangi mbovu halisaidii. Bodi ni za aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. Kuna ile nyepesi inayoonekana kama chupa ya maji, polikaboneti, Lexan wengine wanaita, hiyo inapakwa kwa ndani. Na kuna hii ngumu ya ABS, inapakwa kwa nje kama gari la kweli. Rangi zake hazifanani. Tamiya wenyewe wametenganisha makopo, PS ni ya polikaboneti, TS ni ya plastiki ngumu, ukipindua ukapiga TS kwenye Lexan itabanduka kama gamba siku ya kwanza ukigonga jiwe. Ngumu ni nzito, hilo lazima ulikubali, uzito unakaa juu na gari inapinduka kirahisi kwenye mteremko wa ubavu. Mimi nimekubali. Sipandi mawe kushindana, napanda nipige picha.

Osha bodi kwa sabuni ya vyombo, kiwandani inatoka na mafuta ya kwenye kalibu ya kumiminia plastiki na rangi haishiki juu ya mafuta. Msasa wa maji namba 800 hivi kufuta mistari ya maungio, praima (ile rangi ya chini ya kushikia), kisha rangi kidogokidogo, mkono usisimame. Ngozi ya kwanza, yaani mpako wa kwanza, iwe kama ukungu tu, unaiona plastiki kwa chini. Watu wote tunaharibu kwenye ngozi ya pili kwa tamaa.

Shida yetu ni makopo yenyewe. Kopo la spree lina gesi na linawaka moto, kulisafirisha kwa ndege ni kasheshe, kwa hiyo unaagiza bodi inafika, rangi hakuna. Unaishia kwa fundi rangi wa magari. Sio vibaya, ile ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuigandisha rangi, ikikauka hata petroli haiigusi, lakini thina kali ya gereji inakula plastiki. Bodi yangu ya kwanza kabisa niliuziwa thina dukani nikaambiwa "hii inaenda na kila kitu bosi", nikapuliza nzito, asubuhi mlango umekunjamana kama ngozi ya maziwa ya moto. Siku hizi najaribu kwanza kwenye fremu ya plastiki iliyoshikilia vipande vya modeli ikiwa kwenye boksi, ile ambayo wote tunaitupa. Usitupe.

Na unyevu. Dar wakati wa masika ukipuliza rangi ya laka jioni inatoka na weupe weupe kama pumzi kwenye kioo, hewa ina maji na yananaswa humo ndani ya rangi. Subiri saa tano, saa sita mchana, jua limewaka. Kopo liweke kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika chache, narudia UVUGUVUGU, sio ya moto, utalipuka nalo.

Halafu hizi rangi za metaliki jamani. Naona vijana wanachukua metaliki ya gari kubwa wanapiga kwenye gari ya sentimita hamsini, zile chembe zinazometameta hazijapunguzwa mara kumi, kwa hiyo gari linaonekana kama limepakwa glita za harusi. Kama lazima iwe metaliki tafuta ya modeli yenye chembe laini. Ila mkonga mweupe bwana, mkonga ni mweupe. Nyeupe inachosha, inataka ngozi nyingi na kila unywele unaonekana, na kama utaweka taa paka ndani nyeusi kwanza la sivyo ukiwasha taa boneti zima linang'aa kama taa ya chemli.

Haya turudi kwenye vumbi maana ndo nililojia.

Baada ya yale maneno ya mjomba nilikaa nae jioni nzima na ile gari katikati ya meza. Akaniambia vumbi lina kwao. Gari iliyotoka Karatu ni nyekundu, wekundu unaong'ang'ania kwenye mipira ya madirisha na hautoki hata ukiosha mara tatu. Ikivuka Ngorongoro ikashuka kule Ndutu inapata vumbi la kijivu, laini kama unga, kwa sababu nyanda zile ni majivu ya volkano. Kwa hiyo gari iliyofanya safari nzima ina tabaka mbili, jekundu chini ndani ya mikunjo, jivu juu. Mimi nilikuwa nimepaka rangi moja ya kahawia kutoka kwenye chupa iliyoandikwa vumbi. Vumbi la wapi?

Akaendelea. Kitasa cha mlango huwa kisafi kwa sababu kinashikwa. Kioo cha mbele kina yale matao mawili ya wipa na nje ya matao ndo kuchafu. Bampa la nyuma limechubuka rangi katikati, watu wanapandia pale. Kingo za juu za bodi ya nyuma zimechubuka hadi chuma kwa kuburuza mizigo, sio ubavuni ambako wote tunaweka mikwaruzo eti ya mawe. Plastiki nyeusi ya lile bomba la mkonga haibaki nyeusi, jua linaifanya kijivu. Kutu inaanzia kwenye mfereji wa maji juu ya mlango. Na kioo kina stika za Nenda kwa Usalama za miaka mitatu, mpya imebandikwa pembeni ya zilizopauka. Hiyo ya stika nilicheka, ila nilipoziprinti na kuzibandika gari ikageuka, ikawa ya mtu.

Kwa hiyo nikaiosha yote nikaanza upya. Michubuko nilifanya na kipande cha sponji la kuoshea vyombo, unachovya rangi kidogo sana unagusagusa kwenye kingo. Kwa kutu kuna mbinu ya spree ya nywele, unapiga rangi ya kutu, unapiga spree ya nywele juu, kisha nyeupe ya akriliki (rangi ya maji), halafu unalowesha na kusugua, nyeupe inabanduka vipande kama rangi iliyochoka. Vumbi natumia udongo wenyewe. Unaukausha juani, unausaga, unauchekecha kwa soksi ndefu ya kike maana chujio la chai linapitisha chembe ambazo kwenye 1/10 ni changarawe, unachanganya na vanishi isiyong'aa kidogo, unaanzia nyuma. NYUMA.

Kuna jamaa kwenye grupu aliniambia nimeharibu bodi ya laki kadhaa kwa uchafu. Huyohuyo aliwahi kunihutubia nusu saa kwamba chasi yangu ina milimita 324 kati ya ekseli na ekseli wakati mkonga wa kweli, wa milimita 3,180, ukiugawa kwa kumi unapata 318. Ni kweli kaka, zimezidi sita. Hakuna mtu ameziona hizo sita. Lakini vumbi lililokaa upande usio wake dereva mmoja aliliona kabla hajakaa kwenye kiti.

Sasa hivi naanza Hilux na hii nataka iwe ya Iringa, kwa hiyo kila anayesafiri namuomba udongo. Nina makopo saba ya Blue Band kwenye rafu ya sebuleni, kila moja na udongo wake na jina la mahali nimeandika kwa maka peni. Juzi wageni wa mke wangu waliyaona, wakatazamana, chai wakaiacha nusu.