Fainali Iendelee Kutembea

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga, ila kwa sasa makazi yangu ni Hamburg. Huku kuna Watanzania wenzangu ambao kila msimu ukiisha wanaanza wimbo uleule: fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, inayohamahama mikoani, itafutiwe uwanja mmoja wa kudumu, "kama wenzetu". Mimi nasema hapana, na nasema hivyo kwa sababu nimewaona hao wenzetu kwa karibu.

Wajerumani fainali ya kombe lao, DFB-Pokal, wanaichezea Berlin, Olympiastadion, kila mwaka tangu 1985. Kabla ya hapo nao walikuwa wakiizungusha mji kwa mji. Nisiwanyime haki yao: mambo yamenyooka. Kiti kina namba, ukimkuta mtu amekikalia unamwonyesha tiketi tu, anainuka. Na mji mmoja umewapa ndoto. Kuanzia raundi za mwanzo mashabiki wanaimba kwamba safari ni ya Berlin, hata wale wa timu ndogo kabisa. Mwaka 2025 Arminia Bielefeld, timu ya daraja la tatu, walifika kweli, wakafungwa 4–2 na Stuttgart. Raha yake huwezi kuikataa.

Lakini muulize mtu wa Hamburg hapa fainali imemwachia nini. Kwake ni kipindi cha televisheni cha Jumamosi usiku. Na wenyeji wenyewe, Hertha Berlin? Tangu fainali ihamie uwanjani kwao, timu yao ya kwanza haijaicheza hata mara moja. Iliyofika ni timu yao ya pili, 1993, ikafungwa 1–0 na Leverkusen. Mwenye nyumba anapisha wageni kila mwaka, yeye anabaki kufagia.

Sasa tazama yetu ilikopita: Dodoma 2017, Arusha 2018, Lindi 2019, Sumbawanga 2020, Kigoma 2021, Arusha tena 2022, Tanga 2023. Watu wa Kigoma waliletewa Simba na Yanga wenyewe, pale uwanja wa Lake Tanganyika, Simba wakashinda 1–0. Mtu wa kule kuifuata mechi hiyo Dar ni safari ya kutoa jasho, na nauli yake si ya mchezo.

Ya Tanga iliangukia Jumatatu, Juni 12, nami nilikuwa nyumbani likizo. Yanga na Azam, uwanja wa Mkwakwani. Yanga walikuwa wametoka Algiers siku chache nyuma, wamelikosa Kombe la Shirikisho Afrika kwa kanuni ya goli la ugenini mbele ya USM Alger, kwa hiyo mashabiki wao walikuja na hasira zao zote. Gesti zilijaa, bodaboda wakajipandishia bei. Kuna bibi mmoja anauza mihogo ya kukaanga njiani kuelekea uwanjani, siku zote ana karai moja. Siku hiyo aliweka matatu, na wajukuu wawili wanamenya pembeni.

"Shikamoo bibi. Leo biashara si mchezo."

"Marahaba mwanangu. Hivi leo wacheza nani na nani?"

Nikamwambia. Akanikamulia ndimu, akanyunyiza chumvi na pilipili, akasema yeye angependa wacheze kila Jumatatu.

Mechi yenyewe haikuwa tamu hivyo. Kennedy Musonda alifunga mapema, dakika ya 13, na likabaki hilohilo. Wengi wetu wa Coastal Union, timu ya hapa Tanga, tulikuwa upande wa Azam, na sababu ilijulikana. Mwaka mmoja nyuma Coastal, Wagosi wa Kaya, walifika fainali dhidi ya Yanga hawahawa, wakatoka 3–3, Abdul Suleiman Sopu akatupia yote matatu, kisha tukatolewa kwa penalti. Ilikuwa wapi? Arusha. Ikaja kuletwa Tanga sisi hatumo, na Sopu ameshakwenda Azam. Mpira nao una visa vyake.

Najua watakachosema: viwanja vya mikoani ni vidogo, milango michache, watu wanasukumana. Kweli kabisa, na hilo Mjerumani anatushinda mbali. Mzee kama baba yangu hatakiwi kubanwa getini eti kwa sababu ya mpira. Basi warekebishe mageti, wauze tiketi mapema. Ukiihamishia fainali Dar kwa kudumu, hayo mageti ya mikoani nani atayakumbuka?

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba 2024 na 2025 ilikwenda uwanja wa New Amaan, Zanzibar, mara mbili mfululizo. Sina neno na Unguja, ni kwetu vilevile, na uwanja umependeza. Yanga na Azam walimaliza 0–0 pale, penalti zikaisha 6–5 kwa Yanga, na mwaka uliofuata Yanga wakawafunga Singida Black Stars 2–0. Ila mazoea huanza hivyohivyo. Ningekuwa napanga mimi, ningeipeleka Bukoba, Kaitaba, halafu Mtwara, Nangwanda Sijaona. Sisi Tanga tumeshaipata zamu yetu, tuko radhi kusubiri foleni. Ila Wagosi wakifika tena fainali, popote sawa, isiwe Arusha tu.